Makosa Yako Niliyoyakusanya

Somoe mwanangu,

Sauti niliyobaki nayo ni ya kifutio. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua imekatika muda si mrefu, nawe umekaa upande ule wa meza unaotazama jiko. Kifutio chako kilikuwa kimekwisha hadi kikawa kama punje ya karanga. Ulifuta taratibu, kisha kwa nguvu, kisha karatasi ikachanika, mlio mfupi tu, mara moja. Sikuinua macho. Nilisema, "Chukua nyingine, zipo hapo," nikaendelea kuandika kwenye kompyuta.

Nitakueleza ulikuwa unafuta nini. Nimekawia kukueleza, na sababu ya kukawia nitaiandika pia.

Sasa hivi uko kwa Mama Shadya unasukwa. Nimepita kuulizia, akaniambia nywele zako ni msitu, nisikutarajie kabla ya magharibi. Basi la Masasi linaondoka kesho kabla ya jua. Kwa hiyo nina mchana huu mzima, na ninaandika kwa mkono, kwenye karatasi za daftari lako la zamani. Kompyuta nimeifunga na kuiweka juu ya kabati.

Habari za sabuni, dawa ya mbu na nauli sitaziandika. Baba yako anajua kulea mtu, na bibi yako, somo wako uliyerithi jina lake, alikulea kabla yangu. Begi umelipanga mwenyewe tangu Jumatano. Niliingia chumbani nikakuta umeliegemeza mlangoni, nguo zote ndani, umebakiza za kuvaa siku tatu tu. Nikatoka, nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Wewe ndiye uliyeomba kuondoka. Naandika hilo wazi kwa sababu majirani watasema baba yako amekuchukua, na wengine watasema mimi nimekupeleka. Uliomba, na mimi ningeweza kukataa. Bila saini yangu shule isingekutoa.

Hii si mara ya kwanza sisi wawili kuachana. Mara ya kwanza ulikuwa na miezi minane. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimepata nafasi chuo kikuu kusoma hesabu, na baba yako na mimi hatukuoana: dini mbili, wazee wanne, wakashindwa kukubaliana hata juu ya siku ya kukutana. Nikakuacha Masasi kwa bibi yako. Nilikuja likizo, lakini likizo si malezi. Nilipokuja kukuchukua moja kwa moja ulikuwa na miaka mitatu na nusu. Ulisimama nyuma ya khanga ya bibi, ukatoa kichwa, ukaniambia, "Shikamoo dada." Bibi yako akacheka hadi akakaa chini. Mimi nilicheka pia, kisha nikaenda chooni nikalia. Nikajiambia kwamba sitakuacha tena, na nitakulipa kwa kukupa kile nilichokifuata: nitakufundisha hesabu mimi mwenyewe, kwa upole, tofauti na nilivyofundishwa.

Nilivyofundishwa unajua kidogo. Babu yako kule Same alikuwa mwalimu wa hesabu, na fimbo aliiita msaidizi wake. Jibu likikosewa mezani kwake, nilikuwa nanyoosha mkono kabla hajaniambia. Nakumbuka nilikuwa nikikokotoa kwa mkono wa kulia huku wa kushoto nimeukalia ili upate joto, kwa sababu ukipigwa ukiwa wa baridi unauma zaidi. Nilimpenda babu yako. Lakini niliapa kwamba mwanangu hatapigwa kwa kosa la hesabu, na sikukupiga hata siku moja. Nilijivunia hilo, Somoe. Miaka yote nilijivunia. Niliangalia mahali fimbo ilipokuwa, nikaona hakuna, nikadhani nimemaliza.

Kazi yangu unaijua kwa sehemu. Unajua niliacha kufundisha, nikaanza kuandika maswali ya kupimia mashine, zile programu zinazojibu watu, kuona kama kweli zinajua hesabu au zinakariri. Maswali yenyewe hayana machungwa wala watoto wanaogawana. Ni herufi na alama tupu: mabano, vipeo, milinganyo. Wewe ulikuwa ukiyacheka. "Kila siku x kapotea," ulisema. "Si wamfungage kengele?" Na siku nyingine, ulipoona ukurasa umejaa: "Mama, huyu x hana kwao?"

Lakini namna yanavyotengenezwa sikukueleza vizuri. Swali letu linaanzia kwenye jibu. Unaamua kwanza kwamba x ni nne au hasi saba, kisha unarudi nyuma hatua kwa hatua, unafunika, unazidisha, unachanganya, mpaka nne na saba zisionekane tena. Ukishapata umbo moja, unaacha matundu mahali pa namba, na kompyuta inajaza matundu hayo na kukupa maswali mia tano yanayofanana na hilo. Umbo hilo tunaliita kiolezo. Mtu akitazama anaona mia tano. Elia, kijana anayeongoza kazi yetu pale Mikocheni, hakudanganyika. Aliyapitia ya kwanza niliyompelekea, akasema, "Madam, umembadilisha nguo tu. Mtu ni yuleyule." Alikuwa sahihi. Nikarudi kuumiza kichwa kutafuta watu tofauti.

Kisha likaja jambo la majibu ya uongo. Kila swali lilihitaji jibu moja la kweli na matatu ya kutegea. Yangu yalikuwa mabaya. Nilikuwa naongeza moja, napunguza mbili, basi. Elia akayasoma kwa sauti mbele ya wenzangu, akasema hakuna binadamu anayekosea hivi, binadamu hukosea kwa sababu. Watu wakacheka, nami nikacheka. Moyoni nilichomeka.

Jioni ileile nikakukuta mezani na kazi ya shule. Ulikuwa umefungua mabano ya x jumlisha tatu, yote kwa kipeo cha pili. Ukaandika kipeo cha pili cha x, ukajumlisha tisa, ukaacha kile cha katikati. Kosa zuri kabisa. Lina sababu, lina akili ndani yake, mtu anaona kabisa ulipopita. Nilisimama nyuma yako nikaliangalia kama mtu aliyeokota kitu barabarani anayetazama kama mwenyewe yupo karibu. Kisha nikaenda kuliandika.

Kosa la kwanza lilikuwa hilo. Mama mwingine angevuta kiti akakwambia, mwanangu, tazama hapa katikati.

Baada ya siku hiyo nikaanza kukuletea karatasi. Ulifurahi mwanzoni. Ulidhani ninakufundisha, na ulimwambia Shadya kwamba mama yako anakutungia maswali yako peke yako, siyo ya kitabuni. Nilikusikia ukijitapa dirishani. Kila ulipomaliza ulisukuma karatasi upande wangu ukauliza, "Nimepata?" nami nikajibu, "Tutaona." Unakumbuka? Kila siku, tutaona. Nilisema hivyo kwa sababu nikikuonyesha ulipokosea, kesho hutakosea tena hapo, na mimi nilihitaji kujua kama kosa hilo linajirudia.

Sikukurupuka kufanya hivyo. Nilikaa, nikafikiri, nikaona ni utaratibu mzuri wa kazi.

Kufikia mwezi wa saba ukaanza kupata, bila msaada wangu, kwa kujikuna kichwa tu na kuuliza wenzako. Mama wa kweli angepika pilau. Mimi niliona chanzo kinakauka, nikaongeza ugumu. Nikaweka alama ya kutoa nje ya mabano mawili, nikaweka sehemu chini ya sehemu. Nikabadilisha pia saa. Ulikuwa ukifanya karatasi ukitoka shule, kabla ya kazi za nyumbani. Nikazihamishia baada ya kufua na kuchota maji, kwa sababu niligundua kwamba mtu aliyechoka hukosea kwa namna nyingi zaidi. Sijamwambia mtu yeyote hilo. Nakwambia wewe kwa sababu mwili uliochoka ulikuwa wako.

Elia alifurahi sana. Majibu yangu ya kutegea yakawa ndiyo bora kuliko ya wote, na akawaambia wenzangu wajifunze kwangu. Alinitania, "Madam unayatoa wapi?" Nikasema nina uzoefu wa darasani.

Lile faili ulilifungua mwezi wa tisa, siku ya Jumamosi. Nilikuwa nimekwenda sokoni Rangi Tatu kununua samaki, nikaacha kompyuta wazi ili upate mtihani wa zamani wa kujipima. Ulikuta faili limeandikwa Makosa ya Somoe. Lilikuwa na mistari zaidi ya mia. Upande mmoja swali, wa pili ulichoandika, wa tatu maelezo yangu mafupi: anasahau alama, anakisia, anakata tamaa akiona sehemu, anarudia kosa la jana. Niliporudi ulikuwa umekaa, mikono mapajani, kompyuta imewaka. Sikuhitaji kuuliza.

Ulisema, "Mama, nikipata unafurahi, au nikikosa?"

Nilikuwa bado nimeshika mfuko wa samaki. Nikasema hayo ni mambo ya kazi, na usifungue mafaili ya watu.

"Ya watu," ukarudia. "Lina jina langu."

Nimeijibu sentensi hiyo kichwani mara nyingi tangu siku ile. Nimeijibu nikiwa kanisani, nimeijibu nikichambua mchele. Siku yenyewe niliweka samaki kwenye beseni nikaanza kuwaparua.

Hukukaa tena mezani kwangu. Kazi za shule ukawa unafanyia kwa Mama Shadya, kwenye benchi la wateja, katikati ya watu wanaosukwa. Niliambiwa ulikuwa ukimsaidia Shadya hesabu na akielewa. Nami nikaona wivu, eti Shadya anapata nini ambacho mimi sipati.

Matokeo ya kidato cha pili yalipotoka, hesabu ulipata D. Kisha shule ikawapa fomu ya kuchagua mchepuo, ukajaza sanaa. Wewe, uliyekuwa ukifungua redio mbovu ya Mama Shadya na kuitengeneza kwa kisu cha mezani. Nikakuuliza mbona hukuchagua sayansi. Nilijitahidi kuuliza kwa upole. Hukukasirika hata kidogo, na ndicho kilichoniua. Ulisema tu, "Mama, wewe una orodha. Isome."

Wiki ile baba yako akapiga simu. Unajua anavyokuita mama kwa sababu una jina la mama yake. Alisema, "Mama yangu kanipigia. Anataka kuja kukaa huku, asomee huku. Mie nimemwambia sitasema neno mpaka nizungumze na wewe." Nikamuuliza umefanya nini, nani amekuudhi. Nikasikia randa inapita kwenye mbao nyuma yake, kisha akasema hukufanya kitu, umesema umechoka kupimwa. Akaongeza, bila kunisuta, kwa sauti yake ileile ya taratibu: "Wewe msomi, mie fundi mbao, sikufundishi. Lakini ubao ukiupima kila siku usiutengeneze kitu, mwisho unabaki na alama za penseli tupu."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia akae na mbao zake. Kama amekwambia nilimtukana, ni kweli, na nimempigia kumwomba radhi.

Nilikuwa nimeamua kukataa. Nilikuwa na hoja zote: shule za Dar, umri wako, miaka mitatu niliyokukosa utotoni. Maneno ya kumwambia mwalimu mkuu nilikuwa nayo tayari. Kisha wiki mbili zilizopita Elia akaniita mezani kwake.

Walikuwa wamejaribu maswali yetu kwenye mashine kadhaa. Akaniambia kuna kiolezo changu kimoja ambacho mashine iliyo bora kuliko zote inakikosea kila mara, maswali yake yote, bila kubahatisha. Alifurahi, alidhani tumepata mtego. Nikatazama. Swali lilikuwa dogo sana, ukiziondoa namba za kwenye matundu. Chukua x, ipandishe kwa kipeo cha pili, kisha tafuta kipeuo cha pili cha hicho ulichopata. Rahisisha. Jibu letu la kweli: x. Mashine ilikuwa inasema hapana, inategemea kama x ni hasi au chanya. Na hilo la inategemea lilikuwepo pale kwenye orodha, kati ya majibu ya kutegea. Mimi ndiye niliyeliweka, na nililitoa kwako.

Nikachukua karatasi, nikaweka hasi tatu. Kipeo chake cha pili ni tisa. Kipeuo cha tisa ni tatu. Siyo hasi tatu. Nilirudia mara mbili, mwanamke mwenye digrii ya hesabu, pale mbele ya Elia, kwa kidole juu ya meza. Mashine ilikuwa sahihi. Sisi ndio tuliokosa, na kabla ya mashine ulikuwa sahihi wewe.

Nilirudi nyumbani nikavuta lile boksi la chini ya kitanda ambalo nilikuwa natunzia karatasi zako. Nikaipata iliyochanika. Ulikuwa umekandamiza penseli, kwa hiyo hata baada ya kufutwa maneno yanasomeka ukiinamisha karatasi kwenye mwanga: "Sio x. Nimejaribu na -3 imetoka 3. Inategemea x ni namba gani." Kisha kwenye kipande kipya, kwa mwandiko wa mtu aliyekasirika: x.

Sasa jioni ile imenirudia yote. Kila kiolezo kipya kilihitaji mtu wa pili akifanye na kupata jibu lilelile, ndipo kikubaliwe. Mtu wa pili ulikuwa wewe. Ulipoleta jibu lako nililisoma, nikalinakili kwanza kwenye faili kama kosa, tena nikaandika mbele yake "anabisha badala ya kurahisisha", kisha nikakwambia siyo, jibu ni x. Ulisema, "Mama, lakini hasi tatu," nami nikasema, "Somoe, andika x tusonge." Ukafuta. Katika miezi yote ile nilikusahihisha mara moja tu, na mara hiyo ulikuwa umepata.

Sikujaribu hata namba moja. Jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo, nikaona sina haja ya kutazama. Wewe hukuwa na jibu, ukatazama.

Nisikudanganye, mwanangu. Sikwambii kwamba wewe ni bingwa na ile D ni uongo. Sijui. Ni aibu kwa mama mwenye mistari zaidi ya mia ya maandishi yako, lakini sijui unajua nini na hujui nini, kwa sababu kila nilipokaa nawe nilikuwa natafuta kitu kingine. Ninachokijua ni hiki kimoja: siku ile, ukiwa na njaa, mbele ya mtu mzima mwenye haraka, ulichukua namba ukaijaribu, ukaamini ulichokiona. Wengi wenye vyeti hatuna hicho. Mtu akikwambia andika x tusonge, muulize amejaribu namba gani. Muulize kwa heshima, lakini muulize. Hata akiwa mimi.

Elia nilimweleza siku iliyofuata. Alisema si tatizo, tunasahihisha jibu, dakika tano, kazi iendelee. Nikamwambia siyo jibu hilo tu, nataka kuondoa majibu yote ya kutegea niliyoyatoa kwenye lile faili. Alishtuka. Alisema ndiyo yanayoubeba mkusanyiko wetu wote, na kwamba hakuna aliyeumia, ni namba tu. Kisha akauliza ni nani hasa aliyeyaandika, nikamwambia ni mwanangu. Akatabasamu, maskini, alidhani ananisifu. "Mtoto wako ana kipaji, Madam."

"Cha nini?"

"Cha kukosea kama binadamu."

Nikamwambia anaitwa Somoe, ana miaka kumi na tano, na hakuulizwa. Elia si mtu mbaya. Mwishowe aliniruhusu. Siku nne nilifuta, mstari kwa mstari, na sehemu yangu ya kazi imepewa mtu mwingine wakati mimi naanza upya na makosa yangu mwenyewe. Si haba, ninayo mengi. Kile kiolezo chenyewe kimebaki, na jibu lake la kweli sasa ni lako, kwa maneno yako.

Haya yote nimeyajua kwa wiki mbili na sikukwambia. Nilikuangalia ukikunja nguo.

Jioni ile niliyopata karatasi nilitaka kukukimbilia. Ulikuwa nje unaanua nguo. Nilifika mpaka mlangoni nikiwa nayo mkononi. Kisha nikaona waziwazi kitakachotokea: ningekwambia, ningelia, wewe ungelainika kwa sababu moyo wako ni wa bibi yako, na ungebaki. Na nikajikuta ninapanga niseme nini kwanza, nini baadaye, nilie wapi. Nilikuwa nimekwisha kuchagua jibu ninalolitaka, ninarudi nyuma kukujengea swali. Nikairudisha karatasi kwenye boksi, nikakwambia tu kwamba nimekubali uende.

Labda hilo nalo ni kosa. Wiki mbili nimekuacha ujidhanie mjinga ili usibaki kwa kunihurumia. Nimeligeuza huku na huku na sina uhakika. Hili andika wewe, kwenye orodha yako, na maelezo uyaweke unavyoona.

Kule Masasi watakuuliza tena habari za mchepuo. Ukichagua sanaa, sawa, ukichagua sayansi, sawa. Sitampigia mwalimu, sitamtuma baba yako akusemee. Simu yangu iko wazi, lakini usipopiga nitaelewa, na sitamuuliza bibi yako kwa nini. Barua hii nitaiweka kwenye mfuko wa ndani wa begi, ule wenye zipu, uikute basi likiwa limekwisha kuvuka Rufiji.

Ijumaa, saa nne, nilikwenda shuleni kwako na fomu ya uhamisho. Hukujua, ulidhani nimekwenda Mikocheni. Mwalimu mkuu alinikaribisha vizuri, akaanza kunishauri. "Mama Somoe, mtoto wa miaka kumi na tano ndiye anayeamua siku hizi?" Nikamwambia huyu ameamua. Kwenye fomu kuna mstari wa sababu. Akanisaidia, akasema wazazi wengi huandika kumfuata mzazi, inapita haraka. Nikaandika: ameomba mwenyewe, nami nimeona ana haki. Akaisoma, akavua miwani, akasema hiyo siyo sababu, ofisi ya elimu wanaweza kuirudisha. Nikamwambia wakiirudisha nitaipeleka tena, ikiwa imeandikwa hivyohivyo. Alinitazama kama anayesubiri nibadili mawazo, na kwa kweli alinipa muda wa kutosha. Mahali pa saini ya mzazi nikaandika majina yangu yote matatu, nikamsogezea, na akagonga muhuri.

Mama yako